Tundu Upande wa Mbele

Siku ya ishirini na tatu ya eda yake, mama aliniambia nimtengenezee tangi la samaki.

Nilikuwa nimemletea uji wa mchele, nimeshika kikombe kwa pindo la khanga kwa sababu kilikuwa cha moto. Nikaganda palepale. Nikamuuliza tangi la nini. Akasema la samaki, la kioo, lenye mashine yake ya hewa, kama yale baba yako aliyokuwa akiwatengenezea watu maofisini. Akapokea uji, akapuliza, akanywa funda moja, akauweka chini. Kwake mazungumzo yalikuwa yameisha.

Niseme tangu mwanzo kwamba mama yangu na samaki hawaivi. Wa kukaanga anamla akikosa kingine, na kwanza humgeuza kichwa upande wa pili wasitazamane. Paka wa jirani akikatiza uani anafukuzwa kwa kandambili. Sijapata kumsikia akisifu kiumbe chochote kisichoweza kumwamkia shikamoo. Sasa huyu ndiye aliyetaka samaki wa kufuga chumbani, tena kwenye eda, na hakutaka kuniambia kwa nini.

Nilikubali papo hapo, maana mama alikuwa hapati usingizi. Tangu tulipomzika baba, alikuwa anajinyoosha kitandani na macho yake yako juu darini. Asubuhi namkuta vilevile. Alikuwa akisinzia kidogo juu ya msala baada ya alfajiri, kisha anashtuka na kutazama huku na huku. Jirani yetu mmoja ni muuguzi, alikuja kumpima presha, akatazama namba, akanitazama mimi, akakunja kile kifaa chake. Tulipofika koridoni akaniambia, "Dada, mama yako asipolala, mtarudi makaburini kabla eda haijaisha." Vidonge vya usingizi tulivyopewa mama alivitema kwenye leso, nikavikuta wakati wa kufua. Kwa hiyo hata kama angeniomba tembo, ningetoka nikaulize wanapouzwa.

Nyumba yetu ni katika zile za zamani chache zilizobaki Kariakoo, vyumba sita na korido ndefu katikati, bati juu, ua nyuma. Maghorofa yametubana pande zote. Dirisha la chumba cha mama linatazama ukuta wa saruji na mabomba ya viyoyozi yanayodondosha maji mchana kutwa. Ndani ya chumba hicho alitakiwa kukaa miezi minne na siku kumi. Shangazi yangu, dada wa baba, alihamia kwetu siku ile ile ya msiba ili kuhakikisha mambo yanakwenda kama inavyotakiwa. Alifunika kioo cha kabati kwa shuka, akaondoa udi na manukato, akatundika pazia zito mlangoni, akatangaza kwamba mwanamume yeyote asiye maharimu ataishia koridoni. Siku ya tatu akakusanya vitu vyote vya ugonjwa, beseni, fimbo, dawa, na ile mashine ya oksijeni tuliyokuwa tumeazimwa na watu wa Buguruni, akavirudisha na kuvigawa. Kuna mgonjwa mwingine alikuwa anaingoja ile mashine, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Chumba kikabaki kitupu.

Baba alikuwa fundi vioo. Duka lake lilikuwa karibu na mtaa wa Msimbazi, yeye na mwenzake mmoja ambaye mimi nilikua nikimwita baba mdogo ingawa hatuna udugu. Walikata vioo vya madirisha, vya makabati ya chipsi, vya meza za wakubwa, na matangi ya samaki kwa wenye nafasi zao. Nyumbani kwetu, dirisha la jikoni lilizibwa kwa boksi la maziwa ya unga tangu nikiwa darasa la nne. Kinyozi hajinyoi, ndivyo baba alivyokuwa akijitetea, na mama alikuwa akimjibu kwamba kinyozi angalau ana mke anayejua kushika wembe.

Nikamwendea baba mdogo dukani.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Anataka tangi la samaki."

Akaweka chini kalamu yake ya kukatia kioo. "Samaki wa nini?"

"Sijui."

"Amesema kubwa au dogo?"

Hapo ndipo nilipoingiza yangu. Mama hakusema kubwa. Lakini mimi ni binti wa fundi vioo, nauza ndoo na mabeseni ya plastiki mitaa miwili kutoka dukani kwa baba, na kwa miezi yote aliyougua nilikuwa naondoka asubuhi na kurudi magharibi. Niliona kama tangi likiwa kubwa vya kutosha litafuta kitu fulani. Nikanyoosha mikono yote miwili mpaka mabega yakauma. Baba mdogo akapima kwa macho, akasema futi nne, kimo na upana futi moja na nusu, kioo cha milimita kumi. Akasema pia atanitobolea tundu la mzee.

Tundu la mzee lilikuwa alama ya baba. Matangi yote aliyotengeneza yalikuwa na tundu dogo kwenye kioo cha nyuma, inchi mbili kutoka juu, lenye mpira mweusi pembeni. Mpira wa hewa unapita hapo badala ya kuning'inia juu ya ukingo, na kwa kuwa tundu liko nyuma, hakuna anayeliona. Baba mdogo alilitoboa taratibu huku akilimwagia maji, na mimi nilisimama pembeni bila kujua niweke wapi mikono yangu.

Sasa likaja tatizo lenyewe. Tangi la futi nne likishaungwa halipiti kwenye kona ya korido yetu kuingia chumbani. Lazima liungiwe humo humo ndani. Na mwenye ujuzi wa kuliunga ni mwanamume ambaye kwa sheria za shangazi mwisho wake ni koridoni. Nikasema mama ahamie chumba kingine kwa siku moja. Shangazi akasema mjane hahamishwihamishwi kama mzigo wa sokoni. Nikasema basi mama ajifunike. Akaniuliza nimesoma madrasa gani. Kichwa kilikuwa kinaniwaka, kwa sababu huyo huyo alikuwa amesema chumba cha mjane hakipambwi na samaki wale ni mapambo, halafu mama alipomjibu kwa upole, "Wifi, niache," akaanza kutafuta blanketi la kutandika chini. Sikuelewa nani yuko upande gani katika nyumba ile.

Mwishowe ikawa hivi. Baba mdogo alikalia kigoda koridoni, upande wa pili wa pazia. Mimi nikapiga magoti ndani, vioo vitano vimelala juu ya blanketi, bunduki ya silikoni, ile gundi ya kuungia vioo, mkononi. Mama kakaa kitandani, miguu ameikunja, ananitazama. Na mimi ambaye maishani mwangu nilikuwa sijawahi kuunganisha hata jalada la daftari, nikaanza kutengeneza tangi kwa kuelekezwa na pazia.

"Futa kingo zote kwa spiriti."

"Nimefuta."

"Futa tena. Usishike kwa vidole."

Nikafuta tena.

"Gonga hicho ulichoshika. Kwa kucha." Nikagonga. "Hicho cha pembeni. Kiweke, chukua kirefu."

Alikuwa anavijua vioo vyake kwa sauti. Aliniambia nibandike tepu ya karatasi kandokando ili silikoni isichafue, nikabandika. Aliniambia nibane bunduki bila kuinua mkono mpaka nifike mwisho wa mstari, nikainua, akasikia, akasema nifute nianze upya. Chumba kizima kikajaa harufu ya siki. Shangazi, aliyekuwa ameshikilia kioo kimoja kwa kiganja kama mtu anayezuia mlango, akauliza kama harufu hiyo inahesabika kuwa manukato. Baba mdogo kutoka nje akasema kwa maoni yake kachumbari haijawahi kutengua eda ya mtu.

Mama akacheka. Kicheko kidogo, puani, lakini nilikisikia.

"Sasa virefu viwili," baba mdogo akasema. "Chenye tundu kiwe upande wangu, tundu juu."

Nikakiweka upande wake, upande wa mlango. Nikaweka cha pili kule. Nikafunga tepu kuzunguka lote, nikajifuta jasho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikajiona nina faida.

Tuliliacha likauke siku tatu. Siku ya nne tukabandua tepu, tukaliinua, mimi, shangazi na mama mwenyewe aliyekataa kukaa pembeni, tukalipandisha juu ya stendi ya chuma tuliyokuwa tumeisimamisha ukutani, upande wa kitanda aliokuwa akilala baba. Baba mdogo alikuwa amerudi kwenye kigoda chake.

"Tundu limekaa vizuri ukutani?" akauliza.

"Ukuta gani?"

"Huu hapa niliouegemea. Si ndiko mlikoliweka?"

Nikatazama. Tangi lilikuwa limeegemea ukuta wa mbali. Tundu, lenye mpira wake mweusi, lilikuwa mbele kabisa, limekikodolea kitanda macho.

"Tangi liko huku kwingine," nikasema. "Kando ya kitanda."

Nikamsikia akijipiga paji la uso. "Mungu wangu. Miaka yote nimeingia nyumba hii, nimekula humu, nimelala barazani humu, hicho chumba sijawahi kukiona. Mimi nilijua tu tangi litakaa ukuta wa mlango." Halafu akasema si neno, bado halina maji, tuligeuze tu.

Nikashika upande mmoja, shangazi akashika wa pili.

"Liacheni," mama akasema.

"Mama, ni kulizungusha tu. Tundu liko mbele, mpira utakuning'inilia usoni."

"Nimesema liacheni."

"Wifi, litakuwa na sura mbaya," shangazi akasema.

"Tundu liko karibu na msumari," mama akasema, akajilaza na kugeukia upande wetu.

Msumari upi? Ulikuwepo msumari mmoja ukutani, kichwani mwa kitanda, ambao hata picha haukuwa nao. Nilitoka nikamweleza baba mdogo kwamba mama hataki ligeuzwe, naye akanitazama kwa huruma. Nilikasirika, sikatai. Nilikuwa nimeacha duka siku nne, magoti yananiuma, na kazi ya kwanza ya mikono yangu ilikuwa imetoka na jicho mbele.

Maji yalikuja na shughuli yake. Ya kisima ya mtaani kwetu yana chumvi, ya bomba yana dawa, na baba mdogo alisema ya bomba yakae wazi siku mbili dawa iondoke. Nikazipanga ndoo kumi na mbili koridoni, mali yangu mwenyewe kutoka dukani, na kwa siku mbili kila aliyekwenda msalani alitembea kwa kuinua kanzu na magauni. Tulipojaza, kona moja ilitoa tone. Nikalifuta, nikalikazia macho. Likatoka lingine, dogo zaidi, kisha halikutoka tena. Kila nikimpa mama taarifa hizi alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza swali lilelile.

"Mashine ya hewa umepata?"

Nilimweleza kwamba mashine ya hewa si shida, ni kijidude cha kushika mkononi, Kariakoo zimejaa. Shida ni maji, shida ni samaki. Akasema sawa. Kesho yake akauliza tena. Nikaenda nikanunua nzuri kuliko zote, muuzaji akaniapia kwamba ukiiwasha hutajua kama imewaka. Nikaileta, nikaitundika kwenye ule msumari kwa sababu baba mdogo alisema mashine ikae juu ya usawa wa maji, nikapitisha mpira kwenye tundu, nikawasha. Viputo vyembamba vikapanda kimyakimya, vizuri sana. Mama akainua shingo, akatega sikio.

"Hii haisikiki."

"Ndiyo uzuri wake, mama."

"Irudishe."

Nilimtazama mama yangu na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba kukosa usingizi kumeanza kumla akili. Sikubishana. Nikairudisha. Yule muuzaji aliigeuza mara mbili, akaichomeka kwenye umeme, ikafanya kazi.

"Dada, mbona iko poa tu?"

"Haipigi kelele."

"Watu wananirudishia kwa sababu inapiga. Wewe unarudisha kwa sababu haipigi?"

"Ndugu yangu, nipe ya kelele tafadhali, mimi mwenyewe sielewi."

Akanipa ya zamani, nzito, yenye vumbi, akanipa na jiwe lake la kutolea viputo vikubwa, akanisindikiza kwa macho mpaka nilipopotea. Nikaifunga siku hiyo hiyo saa tano asubuhi. Ilinguruma, na maji yakaanza kugugumia, bwabwabwabwa, hadi kioo kikatetemeka kidogo. Mama alivuta mto wake ukakaribia ule msumari. Nikamwambia nafuata samaki, akanipungia mkono niende, macho yake yako kwenye maji.

Nilirudi baada ya adhuhuri na samaki sita wa rangi ya chungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Shangazi alikuwa amesimama koridoni, mkono umeshika pazia, mashavu yamelowa. Nikajua yale ya muuguzi yametimia. Akaniwekea kidole mdomoni, akafungua pazia kidogo.

Mama alikuwa amelala. Amelala kweli, mdomo wazi, anakoroma, khanga imemtoka kichwani. Nilisimama hapo na mfuko wangu wa samaki nikijisifu kimoyomoyo. Kumbe maji yanatuliza, nikajisemea, kumbe ukubwa ule haukuwa bure. Nikaingia kwa kunyata, nikauweka mfuko juu ya maji ili samaki wazoee joto kabla ya kuwafungulia, kama nilivyoelekezwa. Nikakaa chini, mgongo umeegemea stendi. Huenda nami nilisinzia.

Umeme ukakatika.

Mashine ikanyamaza, viputo vya mwisho vikapanda vikaisha. Na papo hapo, kabla hajafumbua macho, mkono wa mama ukaruka ukatua upande wa pili wa kitanda, upande wa baba. Ukapapasa. Ukatulia hapo umekunjuliwa, juu ya shuka tupu, kwa kimo cha kifua cha mtu.

"Kimbia kaombe jenereta," akasema, bado yuko usingizini. "Kimbia mwanangu, mimi namhesabia pumzi."

Hapo ndipo nilipojua. Miezi minane ile mashine ya oksijeni ilikaa pale, inasukuma hewa kupitia chupa ndogo ya maji, inagugumia usiku na mchana, na mpira wake tuliutundika kwenye msumari ule ule. Umeme ukikatika usiku mimi nilikuwa nakimbilia kwa mwenye duka la jirani kuomba waya wa jenereta, naye mama anaweka kiganja kifuani kwa baba na kuhesabu mpaka nirudi. Chumba kilipokuwa kimya, mtu alikuwa anakufa. Tulimzika baba, tukairudisha mashine siku ya tatu, tukamwacha mama ndani ya kimya kile, kisha tukashangaa halali.

Akafumbua macho. Akauona mkono wake ulipo, akauvuta taratibu na kuuficha chini ya khanga, kama aliyekamatwa.

"Nilikuwa naichukia ile sauti," akasema. "Baba yako ni shahidi. Nilikuwa namwambia, hiki kidubwana kitanitoa wazimu."

"Kwa nini hukuniambia mama?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimemaliza kumwombea mume wangu sasa namlilia mashine? Shangazi yako angenielewa?"

Shangazi alikuwa amekwishaingia. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mama mguu juu ya shuka. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Nisamehe wifi. Nilijua nawapunguzia uchungu."

Mama akamwambia hakuna cha kusamehe, mgonjwa wa watu alikuwa anaihitaji. Kisha akatazama tangi, samaki wakiwa bado wamefungwa kwenye mfuko wao, wanaelea.

"Na hao?" akaniuliza.

"Samaki wako."

"Maskini," akasema. "Wafungulie basi, wameshafika."

Nikawafungulia. Walizunguka mara moja, wakajikusanya mbele, karibu na tundu, wakatutazama, na mama hakugeuza uso. Umeme haukurudi. Nikaona macho yake yameanza tena kwenda darini. Nikavaa kandambili, nikatoka kwenda kwa yule muuzaji, nikamwambia nataka mashine ya hewa ya kutumia betri.

"Isiyo na kelele?" akaniuliza, kwa tahadhari.

Nikamwambia anipe inayopiga kelele kuliko zote.